Haya za Mnyapara

Maneno yote yalimtoka Mnyapara siku moja asubuhi, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, likabaki moja tu: haya. Mkono wa kulia ulilegea, mguu wa kulia ukaufuata, na mkewe alipomkuta sakafuni alikuwa anahangaika kusema jambo, lakini ulimi ulimgomea, likatoka hilo moja. Hospitali wakasema ni kiharusi. Wakamuuliza jina lake, wakamuuliza mwaka, wakamuuliza ana watoto wangapi, naye akajibu maswali yote bila upendeleo. Haya. Haya. Haya.

Mkewe hakushangaa kwamba neno lililosalimika lilikuwa hilo. Mume wake alikuwa mnyapara wa ujenzi kwa miaka thelathini, mtu wa kusimama juu ya kifusi na kuwasukuma vibarua kwa sauti tu, na haya ndiyo iliyokuwa nyundo yake. Haya, nyanyueni. Haya, shusheni. Haya, nani kamwaga zege kwenye mlango wa watu? Jina lake halisi watu walikwisha kulisahau, hata barua zilikuja zimeandikwa Mnyapara. Mwanamke mwenyewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo la gauni likikaa upande kidogo tu alilifumua lote, hata kama mteja ameshalipenda na yuko mlangoni anataka kuondoka zake. Ubishi wake ulijulikana. Wateja walilalamika, na wateja walirudi.

Basi mwezi wa pili baada ya kiharusi, Mama Pindo alifunika cherehani yake kwa shuka, akampandisha mumewe kwenye kiti cha magurudumu, akampeleka kituo cha mazoezi ya viungo. Alikuwa na kazi moja tu duniani. Huyu mtu atasimama.

Kituo kilikuwa ukumbi mrefu wenye sakafu ya plastiki ya kijivu, vyuma vya kushikilia vimepigiliwa ukutani, na harufu ya dawa ya kusafishia iliyoingia mpaka kwenye nguo. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mmoja na wagonjwa walikuwa ishirini na kitu, ndiyo maana pakaletwa mashine. Ilikuwa fremu nyeupe yenye magurudumu manne na mikono miwili iliyovikwa sponji, mikono iliyopita chini ya kwapa za mgonjwa, ikamfunga mkanda mpana kiunoni, ikamwinua kutoka kitini na kutembea naye. Chini ilikuwa na viatu vyake maalumu vyenye waya, vya kupima mguu unavyokanyaga. Mama Pindo alipoona kwa mara ya kwanza mumewe akikumbatiwa na kitu kile, alijishika kiuno.

"Miaka thelathini na nne ya ndoa," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima kusikia, "leo ndiyo naletewa mke mwenza. Tena mbele ya macho yangu!"

Wagonjwa wakacheka mpaka mmoja akadondosha mpira wake wa mazoezi. Tangu siku hiyo mashine ikaitwa Mke Mwenza, na hata Daktari mkuu wa kituo alijikuta analitumia jina hilo kwenye kikao.

Tatizo la Mke Mwenza lilikuwa masikio. Aliamrishwa kwa maneno matatu: simama, tembea, acha. Msichana aliyeitunza mashine, aliyeitwa Mhandisi na kila mtu, aliona Mnyapara hana hata moja kati ya hayo, akafanya lililoonekana la busara. Aliiambia mashine kwamba kwa mgonjwa huyu, haya maana yake ni simama. Siku mbili mambo yalikwenda. Siku ya tatu, Mnyapara akiwa nusu ameinuka, mkono wa mashine ulimbana bega bovu, akapiga kelele, "Haya!" Sauti ilikuwa kali, ya kooni, ya mtu aliyebanwa na mlango. Mashine ikasikia amri. Ikanyanyua zaidi. Akapiga tena, ikanyanyua tena. Mhandisi alirukia swichi ya dharura na kuizima, lakini bega lilikuwa limeshavimba.

Jumatatu iliyofuata Daktari aliwaita. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani yake kila alipotaka kusema jambo asilolipenda, na siku hiyo aliisafisha sana.

"Mama, mashine inaongozwa kwa maneno. Mzee hana maneno. Mimi sitaki kumvunja mtu hapa."

"Daktari, maneno anayo tele," alisema Mama Pindo. "Ni vile tu yote yanatamkwa haya."

"Mama..."

"Ngoja." Akamgeukia mumewe. "Mnyapara, Daktari anasema wewe huna maneno."

Mnyapara alimtazama Daktari kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, akaachia haya moja ndefu ya puani, na macho akayapeleka dirishani. Mhandisi alishindwa kujizuia, akacheka.

"Umeielewa hiyo, mwanangu?" Mama Pindo alimuuliza.

"Kama... mwacheni ajidanganye?"

"Umeona! Na hujaishi naye hata wiki."

Daktari alivaa miwani. Alikuwa na haya yake pia, ile ya kuona soni, kwa sababu aliielewa vizuri kabisa. Hata hivyo hakuficha ukweli. Goti la Mnyapara lilikuwa limeanza kukaza. Lisipobebeshwa uzito mwezi huu halitanyooka tena, na mtaalamu mmoja kwa mikono yake hawezi kumwinua mtu wa mwili ule mara arobaini kwa siku. Ni mashine au hakuna. Na mashine ina foleni. "Alhamisi ya wiki ijayo," alisema, "atoke kwenye kiti mpaka mlango wa ukumbi. Hatua kumi na mbili. Akifika, nafasi ni yake mpaka apone. Asipofika, nitampa mwingine nafasi hiyo, nanyi mtarudi nyumbani na kiti cha magurudumu. Sisemi kwa ubaya."

"Sijasikia ubaya," alijibu Mama Pindo. "Nimesikia Alhamisi."

Siku ya pili yake Mhandisi alimkalisha kwenye kiti kidogo pembeni ya mashine, akampa rimoti yenye vitufe viwili, kijani na nyekundu.

"Wewe ndiye mwalimu, mama. Mashine haielewi lugha kama wewe. Inasikia sauti, inapima mguu, halafu inabahatisha anachotaka. Ikipatia, bonyeza kijani. Ikikosea, nyekundu, nayo itasimama ilipo. Jioni inapitia masomo yote ya siku, na kesho yake inabahatisha vizuri zaidi."

"Yaani inalelewa."

"Tuseme hivyo."

"Basi italelewa. Nimelea watatu, na huyu wa nne nilimkuta mkubwa," alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. Mnyapara akasema haya, ya kukubali yaishe.

Akafundisha. Alikaa pale kuanzia asubuhi mpaka wanafunga, mgongo umenyooka, rimoti mkononi, anamtazama mumewe mdomoni kama anayetunga uzi kwenye sindano. Haya zote alizijua. Kulikuwa na ile fupi, ya kukata, yenye maana kwamba niko tayari. Ile iliyoshuka mwishoni ilimaanisha yatosha, nikalishe. Ya kupandisha ilikuwa swali, na mashine ilifundishwa kukaa kimya ikiulizwa, kwa kuwa haina jibu. Ile kali ya kooni, iliyoumiza bega, mashine ilijifunza kwa siku moja tu kuwa maana yake ni acha hapo hapo. Na ilikuwepo nyingine, nzito, ya kifuani, iliyotoka na meno yamesagana. Hii Mama Pindo aliiita haya ya maumivu. Aliisomesha kuliko zote. Kila ilipotoka na mashine ikaendelea kunyanyua, kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye nyekundu kabla neno halijaisha.

Siku ya pili mashine ilianza kusikia. Siku ya tatu ilitofautisha haya ya tayari na haya ya yatosha bila kukosea hata mara moja, na mama mmoja mwenye mkono wa plasta alipiga makofi kwa mkono wake mmoja akijigonga pajani. Mama Pindo alirudi nyumbani siku hiyo ameinua kichwa. Alimwambia wifi yake, dada wa Mnyapara aliyekuja kuwasaidia kazi za nyumbani, kwamba Mke Mwenza ana akili kuliko baadhi ya watu waliowahi kukaa kwenye nyumba hiyo. Wifi alijua anasemwa yeye, akacheka.

Siku ya nne, Ijumaa, Mke Mwenza aligoma.

Hakugoma kwa fujo. Mnyapara alisema haya fupi, mashine ikamwinua vizuri, polepole. Alipofika nusu, uzito ulipoanza kumwendea mguuni, akatoa ile haya ya kifuani, na mashine ikamshusha kitini kwa adabu zote. Akaanza upya. Nusu njia, haya, akashushwa. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mara ya sita Mnyapara alipiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima, jasho linamtiririka, na akasema haya moja ya kukata tamaa ambayo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

"Imeharibika," alisema Mama Pindo.

"Hapana," alisema Mhandisi. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake muda wote huo, na uso haukuwa mzuri. "Mama, njoo uone."

Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa juu ulikuwa sauti ya Mnyapara. Wa chini ulikuwa mguu wake wa kulia, ule mbovu, jinsi ulivyokanyaga.

"Hii haya ya maumivu, ameisema mara sitini na tatu tangu Jumanne. Zote sitini na tatu umebonyeza nyekundu."

"Ndiyo. Alikuwa anaumia."

"Sasa tazama mguu." Msichana aliweka kidole kwenye mstari wa chini, pale ulipopanda ghafla. "Kila akisema hivyo, mguu unasukuma sakafu. Hapa. Na hapa. Na hapa. Mtu anayetaka kushushwa analegea, mama. Huyu anakanyaga."

Mama Pindo aliinama karibu na kioo.

"Mashine haijakosea," Mhandisi aliendelea, sauti ikizidi kuwa ndogo. "Imejifunza ulichoifundisha. Nadhani... haijajifunza anachotaka mzee. Imejifunza unachoogopa wewe."

Hapo Mama Pindo aliwaka. Alimwambia yule binti kwamba amelala kitanda kimoja na mtu huyu tangu kabla yeye hajazaliwa, kwamba haya zake anazijua akiwa usingizini, na kwamba mstari wa kompyuta hauwezi kumfundisha yeye sauti ya mume wake. Alisema na mengine. Mhandisi alimwacha aseme, alikuwa amelelewa vizuri. Alipomaliza, Mama Pindo alisimama pale akihema, na kwa kuwa pamoja na ubishi wake hakuwa mwongo, akasema, "Nitumie hizo haya kwenye simu yangu. Zote."

Walifika nyumbani mchana. Wifi alikuwa anakunja nguo. Mama Pindo alimsogeza mumewe mpaka kwenye meza ya cherehani karibu na dirisha, akafungua mfuko wa vipande, akatoa kitambaa cha kijani na kitambaa chekundu, akavilaza mbele yake.

"Nisikilize, Mnyapara. Nitakupigia sauti yako mwenyewe. Kama ulitaka ushushwe, gusa chekundu. Kama ulitaka unyanyuliwe, gusa kijani. Umenielewa?"

Haya, alisema. Fupi.

Alibonyeza simu. Sauti ikatoka, nzito, ya kifuani, na nyuma yake mlio wa mashine ikishuka. Mkono wa kushoto wa Mnyapara ulikwenda kwenye kijani. Akampigia ya pili. Kijani. Ya tatu, kijani. Ya nne, alisita, akagusa chekundu, na Mama Pindo akashusha pumzi kama aliyeshinda kesi. Kisha ya tano kijani, ya sita kijani, ya saba kijani. Alipofika ya ishirini mumewe hakusubiri tena simu iseme, alikuwa ameuweka mkono juu ya kitambaa cha kijani na hakuuondoa.

Ndipo alipoikumbuka. Zamani, wakiwa hawajapata mtoto wa kwanza, alikuwa anampelekea chakula kazini, na siku moja alikuta vibarua wanane wamebeba nguzo ya chuma kwenda ghorofa ya pili. Walikuwa nusu ya ngazi. Mishipa ya shingo imewatoka, mmoja anatetemeka magoti. Na mumewe, aliyekuwa mbele, bega lake likiwa chini ya chuma pamoja na wao, alitoa sauti hiyo hiyo, kutoka kifuani, meno yamesagana. Hakuwa anawaambia waache. Nguzo ikiwa nusu ya ngazi haiachwi. Alikuwa anawaambia kwamba hapa ndipo penyewe, kazeni.

"Kumbe ulikuwa unaniambia nikaze," alisema. "Na mimi nakushusha."

Mnyapara alikigonga kitambaa cha kijani kwa kidole kimoja.

"Wifi," alisema yule dada akiendelea kukunja nguo, kwa upole, maana utani nao una mahali pake, "wewe siku hizi hata chai unampulizia kabla hajaionja kama ina moto."

Siku nyingine angejibiwa na angejuta. Siku hiyo Mama Pindo alikaa chini akalia, waziwazi, bila kujifunika uso. Aliona aibu. Alikuwa amepigana na Daktari, amepigana na mashine, amepigana na binti wa watu asiye na kosa, na kumbe mtu aliyekuwa anamrudisha mumewe kitini alikuwa yeye. Alijua pia kwa nini. Tangu asubuhi ile ya viatu, kila alipofumba macho alimwona sakafuni, mdomo umekwenda upande. Hakutaka kumwona tena sakafuni. Alitaka asianguke kuliko alivyotaka asimame, na hakuwahi kujiambia hivyo hata mara moja.

Alilia kama nusu saa. Kisha akanawa uso, akajikaza kisabuni, akampigia simu Mhandisi.

"Mwanangu, nisamehe. Jumatatu rimoti anashika mwenyewe."

Upande wa pili Mhandisi alihesabu siku. "Mama, kuna siku tatu tu. Kuifutia ilichojifunza ni kazi kubwa kuliko kuifundisha upya."

"Mimi nimefumua gauni la harusi asubuhi ya harusi yenyewe," alisema Mama Pindo. "Bibi harusi akiwa ndani yake. Tuonane Jumatatu."

Jumatatu rimoti ilifungwa kwa mkanda kwenye kiganja cha kushoto cha Mnyapara, na Mke Mwenza akaonja kwa mara ya kwanza kuwa chini ya mnyapara. Huyu hakuwa mwalimu wa huruma. Mashine ikichelewa, nyekundu. Ikiwahi, nyekundu. Ikimshusha kabla ya wakati, nyekundu mara tatu mfululizo na haya ya puani juu yake. Mhandisi alisema mashine ingekuwa na uwezo wa kuacha kazi, ingeacha siku hiyo. Asubuhi nzima ilimshusha kila alipokaza, na kila iliposhusha aliianzisha upya, mpaka shati likamganda mgongoni. Mchana, kwa mara ya kwanza, alisema haya ya kifuani na mashine ikasita. Haikushusha, haikunyanyua. Ilisubiri, ikipima mguu. Mguu ukakanyaga. Ikanyanyua.

Kijani.

Mama Pindo aliwekewa kiti ukutani, mbali, karibu na vyuma. Mhandisi alimwomba kwa heshima asitoke hapo. Alikaa. Kumtazama mtu wako anaumia huku mikono yako ipo, mizima, ni kazi ngumu kuliko kushona, na alisema hivyo kwa yeyote aliyepita. Alijaribu kuileta kazi ya kupiga vifungo, akajichoma vidole, akaiacha. Mwishowe alikuwa anaingiza futi yake ya kupimia nguo mdomoni na kuing'ata, na mama mwenye plasta alimwambia akiimaliza hiyo amletee nyingine.

Jumanne Mnyapara alisalimiana na mgonjwa mpya kwa haya, na mashine ikamnyanyua juu kwa pupa. Nyekundu. Akamsalimu mwingine makusudi, mashine ikatetemeka kidogo, ikanyanyua. Nyekundu. Akamsalimu kila aliyepita, kwa saa nzima, mpaka Mke Mwenza alipojua kwamba si kila asemalo mwanamume huyo ni kwa ajili yake. Jumatano alitembea hatua sita. Ya saba goti lilikataa, akakaa. Mara nne alijaribu, mara nne aliishia sita. Alipokuwa anavuliwa mkanda uso wake ulikuwa wa kijivu, na mkewe aliyekuwa akimfuta jasho alitaka sana kumwambia inatosha, kwamba kiti cha magurudumu si dhambi. Alifungua mdomo, akaufunga.

Alhamisi Daktari alikuja na faili. Wagonjwa walisogezwa pembeni. Mlango wa ukumbi uliachwa wazi, na Mhandisi alikuwa amebandika utepe sakafuni pale hatua ya kumi na mbili ilipotakiwa kuangukia. Mama Pindo alikaa kwenye kiti chake cha ukutani, mikono ameikalia.

Haya, alisema Mnyapara. Tayari.

Mashine ikamwinua. Nusu njia akatoa ile ya kifuani, na Mke Mwenza akanyanyua bila kusita. Mnyapara akasimama wima, mrefu, urefu ambao mkewe alikuwa ameshausahau. Akaanza. Moja. Mbili. Mguu wa kulia uliburuzika, ukafuata. Tatu, nne, tano. Hatua ya sita goti lilicheza. Hakulegea. Lilicheza tena, mwili mzima ukayumba upande wa kulia, mashine ikamkaza kiunoni kumweka sawa.

Mama Pindo hakujua ameinuka saa ngapi. Alijikuta tu katikati ya ukumbi, mbele ya mumewe, mikono ameinyoosha ya kumdaka, viganja wazi, mgongo umeuelekea mlango.

Mnyapara akabonyeza nyekundu.

Kila kitu kikasimama. Mashine ilitulia pale pale, taa yake ya njano imewaka, inasubiri. Mhandisi alijiziba mdomo. Daktari alitazama sakafuni, akaona utepe uko mbali, akafungua kalamu yake.

Mnyapara hakumtazama Daktari. Alimtazama mkewe. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, mguu wa kulia unatetemeka, na macho yake yalikuwa matulivu kabisa.

"Haya," alisema.

Ilikuwa ya chini, fupi, haina ukali wala maumivu. Mama Pindo hakuwahi kuisikia hiyo. Miaka thelathini na nne, na hii ilikuwa mpya. Mashine haikutikisika hata kidogo. Naye alisimama pale, mikono bado imenyooka, akimwona tena sakafuni, amelala upande, kamba za viatu mkononi. Aliogopa kuliko siku ile ya kwanza.

Kisha akashusha mikono. Akasogea pembeni.

Mnyapara alibonyeza kijani. Saba. Nane. Kwenye tisa alitoa haya ya kifuani iliyosikika mpaka barabarani, na mashine ikaenda naye, hatua kwa hatua, haimvuti wala haimwachi. Kumi. Mkewe alikuwa anatembea kando yake bila kumgusa, mikono ameifumbata nyuma mgongoni kwa nguvu mpaka inauma. Kumi na moja. Mguu wa kulia ulikanyaga utepe, ukaupita, na alipofika mlangoni hakusimama, alikwenda moja zaidi, mpaka nje kwenye kibaraza, ambako hakuna aliyemwomba aende.

Ukumbi ulilipuka. Mama mwenye plasta alikuwa anajipiga paja kama ngoma. Mhandisi alikuwa analia na kucheka huku akiangalia waya zisikatike.

Daktari alimaliza kuandika, akasafisha miwani, akamsogelea Mama Pindo aliyekuwa ameegemea fremu ya mlango.

"Mama, jambo moja, kwa ajili ya faili. Ile haya ya katikati, alipokwama. Mashine haikuifanyia chochote. Haikuisikia?"

"Iliisikia," alisema Mama Pindo. "Ila hakuambiwa yeye, Daktari. Niliambiwa mimi."